Hatua Sitini kutoka Kwenye Sanduku

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli, mzaliwa wa Mombasa, na alipohamishiwa Kisumu, mji ambao reli ya Uganda iliufikia mwezi wa Desemba 1901 ukiitwa Port Florence, alitulea katika mtaa wa Kaloleni kwa Kiswahili cha kwao, kwa adhana ya msikiti na kwa adabu ya pwani, wala hakuwaza kamwe kwamba mwanawe wa tatu atakuja kutekwa na muziki wa watu wa ziwa hata asiweze kuifanya kazi nyingine yoyote kwa moyo mmoja. Tangu mwaka 1973 nimepiga gitaa la besi katika bendi za Kisumu na za ufuo mzima, kutoka Usenge hadi Homa Bay, katika kumbi, baa, harusi, harambee na matanga. Na katika muda huo nimenunua, nimeazima, nimeunda na nimeunguza amplifaya na masanduku ya spika mengi kiasi cha kuona kuwa ni wajibu wangu kuwaandikia vijana wanaoingia katika kazi hii yale ambayo mimi niliyapata kwa hasara ya fedha na, siku moja, kwa fedheha ambayo sijaisahau hadi leo.

Asiyeujua muziki wetu yafaa aelezwe kwanza kwamba besi ya benga haikai nyuma kama bawabu wa mlango. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanganyika, mwaka 1940 na kufariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, pamoja na Shirati Jazz yake, na ndugu zetu wa Victoria Jazz, na wengine ambao majina yao hayataenea katika ukurasa huu, waliyahamishia kwenye gitaa mapigo ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Na katika kuhamisha huko besi nayo ilipewa ulimi wake, ikawa inauliza na gitaa la kwanza likijibu, na wimbo ulipofika pale ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yakaanza kukimbia, ikawa ndiyo inayowabeba wachezaji mabegani. Kwa hiyo besi isiyosikika katika benga si kasoro ndogo ya kuvumiliwa. Ni sawa na mazungumzo ya watu wawili ambayo mmoja wao amezibwa kinywa.

Sanduku langu la kwanza liliundwa na seremala mmoja wa Kibuye, mtu mwenye mkono mwema wa kuunda vitanda na makabati. Tulimpelekea spika moja ya inchi 15, naye akaijengea nyumba ya plaiwudi yenye kimo cha mtoto wa miaka minane, akaipaka rangi nyeusi, kisha akatoboa chini yake tundu la mviringo kwa sababu alikuwa ameona pichani sanduku lenye tundu, na upana wa tundu lile aliuchagua kwa macho, kwa kuangalia upi utapendeza. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Hesabu ya kulinganisha tabia ya spika, ujazo wa sanduku na kipimo cha tundu iliandikwa na mhandisi wa Australia, Neville Thiele, mwaka 1961, na ilichukua miaka mingi kuwafikia hata mafundi wa nchi kubwa, seuze seremala wa soko la Kibuye. Juu ya sanduku hilo tuliweka amplifaya ya vali ya wati 50, nzito kama gunia la saruji lililoloa, na ndani ya ukumbi tuliokuwa tukipiga kila Jumamosi besi yangu ilitingisha chupa mezani na mabati darini, nami nikaamini kwamba nimepata chombo kitakachonizika.

Nilikuwa nimedanganywa na kuta. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na katika joto letu la Kisumu wimbi la sauti yake huwa na urefu wa karibu mita nane na nusu, yaani huupita hata upana wa vyumba vingi tulivyovipigia. Wimbi la namna hiyo halitoki mbele ya spika kama maji yatokavyo katika mpira. Hulizunguka sanduku pande zote, na likikutana na sakafu, ukuta na pembe ya chumba hurudishwa na kujiunga na lile linalofuata, hata sanduku dogo lililowekwa pembeni likaonekana kuwa na nguvu za masanduku mawili. Nguvu ile ni ya kuazimwa, na mwenye kuazimisha ni nyumba.

Mwaka 1976 tulialikwa Kendu Bay kupiga katika harambee ya kujenga madarasa. Tulipiga uwanjani, chini ya anga tupu, ziwa likiwa upande mmoja na mashamba upande wa pili, na umati uliofika siku hiyo sikuwa nimeuona tangu nianze kazi. Nilisimama hatua mbili mbele ya sanduku langu, nikaisikia besi ikinipiga ndama za miguu kama kawaida, nikafumba macho kwa raha na kupiga kwa moyo wangu wote. Baada ya nyimbo nne au tano alinijia mzee mmoja aliyevaa kofia ya manyoya, ambaye tuliambiwa baadaye kuwa ni mpiga nyatiti wa sifa katika kijiji jirani, akaninong'oneza kwa upole:

“Nyathina, vidole vyako naviona vikifanya kazi. Sauti yake mnaipeleka wapi?”

Nikamjibu kwa taadhima, “Jaduong', amplifaya imefunguliwa yote.”

Hakubishana nami. Alimwomba mpigaji wa gitaa la pili alichukue gitaa langu kwa wimbo mmoja, akanishika kiwiko, tukatembea pamoja kuwapitia wachezaji, akihesabu hatua kwa sauti kwa Kijaluo, hata tukafika hatua sitini, mahali ambapo akina mama walikuwa wameketi juu ya mikeka na watoto wao. Pale nikasimama nikasikiliza. Nilisikia ngoma, nikasikia waimbaji, nikasikia gitaa la kwanza likiuliza, kisha likingoja, kisha likajijibu lenyewe. Besi haikuwapo. Haikuwa ndogo, haikuwa hafifu. Haikuwapo, kana kwamba bendi yetu haijapata kuwa na mpiga besi. Niliona haya mbele ya wale akina mama ambao hawakujua hata kwamba nimewanyima kitu.

Jioni ile, tulipokuwa tukingoja gari, mzee yule aliniita nyumbani kwa mwenyeji wake akanionyesha nyatiti yake. Alikaa juu ya kigoda, akaliweka bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe karibu na ardhi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu wake, na kila alipocharaza nyuzi pete ile iligonga mti kutunza mapigo. Aliniambia kwamba mchongaji wa nyatiti haanzi na nyuzi. Huanza na gogo, na akishajua ukubwa wa bakuli ndipo hujua nyuzi zitaweza kusema nini. Na kwamba yeye mwenyewe, akialikwa mahali penye watu wengi, hutafuta kwanza ukuta wa nyumba wa kuupa mgongo. Nilimsikiliza nikadhani ananipa hadithi za kale. Ilinichukua miaka kutambua kwamba mtu yule, ambaye sidhani kama aliwahi kushika waya wa umeme, alikuwa amenieleza kwa maneno machache elimu yote ya masanduku ya besi: kwamba mwili unaosukuma hewa hutangulia nguvu inayousukuma, na kwamba mahali penyewe ni sehemu ya chombo.

Kwa kuwa sikumwelewa, nilitenda kosa ambalo naliona likirudiwa na karibu kila kijana ninayekutana naye. Nilikopa fedha, nikanunua amplifaya ya transista ya wati 200, nikaiunganisha na sanduku lile lile la spika moja. Nilitazamia mngurumo wa mara nne. Nilichopata ni nyongeza ndogo ambayo wenzangu waliitambua kwa kuambiwa, na baada ya wiki sita, usiku wa harusi moja, spika ilitoa harufu ya vanishi iliyoungua, ikakwaruza mara mbili, ikanyamaza. Fundi wa redio aliyenifungulia koni na kunionyesha koili iliyogeuka mkaa alikuwa mzee mpole aliyejifunza kazi yake katika karakana za reli, naye ndiye aliyenipa hesabu ambayo laiti ningaliipata kabla ya kukopa.

“Mwanangu,” alisema, “sikio halihesabu kama mfuko. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, na mtu anayecheza dansi hana habari nazo. Ukitaka asikie sauti imekuwa maradufu, yakupasa wati mara kumi.”

Kisha akanifundisha kusoma karatasi ya spika. Kuna kipimo kinachoeleza spika hutoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 na kusikilizwa umbali wa mita 1, na kipimo hicho ndicho kinachopaswa kuangaliwa kabla ya kitu kingine, ilhali wauzaji hukificha chini na kuziandika wati kwa herufi kubwa. Spika ya desibeli 100 ikipewa wati 50 itasikika sawa na spika ya desibeli 94 iliyopewa wati 200. Tofauti hiyo ya sita, ambayo kwa macho ni kitu kidogo, ni sawa na kununua amplifaya nyingine tatu. Na njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kuongeza sauti, akasema, ni kuongeza spika yenyewe: koni mbili zinazosukuma hewa pamoja hufanya kwa urahisi kazi ambayo koni moja huifanya kwa kujiua. Nikauza baiskeli yangu, nikaunda sanduku la pili.

Hapo nikaangukia somo la omu, ambalo nalitaja kwa ukali kwa sababu limekula fedha nyingi za wanamuziki wa ufuo huu. Amplifaya ya transista huandikwa nyuma yake kiwango cha chini cha ukinzani inachoweza kuvumilia, aghalabu omu 4. Sanduku moja la omu 8 ni mzigo mwepesi. Mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, na hapo amplifaya hutoa nguvu zake zote kwa usalama. Matatu huwa chini ya omu 3, na hapo umeme hupita kwa wingi usiotakiwa. Mimi, katika dansi la Homa Bay, niliazima sanduku la tatu kutoka kwa bendi rafiki, nikaliunganisha bila kuuliza, na kwa muda wa saa moja nilikuwa na besi tamu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Saa nane za usiku amplifaya ikazimika. Kiongozi wetu alinigeukia mbele ya watu akasema, “Omera, umefanya nini?” nami sikuwa na jawabu; na malipo ya usiku ule yakatoka kwa mwenye baa yakaenda kwa fundi. Wenye amplifaya za vali wana sharti jingine: zile hutaka mzigo ulinganishwe sawasawa na tundu lililoandikwa, na ni marufuku kuziwasha na kuzipiga bila spika, maana transfoma yake ya kutolea sauti huweza kuungua. Na waya wa kutoka amplifaya kwenda kwenye sanduku usiwe ule mwembamba wa gitaa, hata kama kichwa chake kinaingia. Uwe waya mnene wa spika.

Mintarafu ya sanduku lenye tundu na sanduku lililozibwa, watu wameligombania jambo hili kuliko linavyostahili. Lenye tundu, likiwa limepimwa kwa hesabu, hutoa zaidi sauti za chini kabisa kwa nguvu ile ile. Lakini chini ya kiwango ambacho tundu limepimiwa, koni hupoteza mshiko wa hewa na kuyumba, na spika nyingi zimepasuka kwa njia hiyo. Lililozibwa hutoa machache ya chini, ila huyashika mapigo kwa haraka na kuyaachilia kwa haraka. Besi ya benga ni ya sauti fupi zinazofuatana mbiombio, na sikio lina karama ya ajabu: likisikia sauti ya oktavu ya juu ya uzi, lile pigo la 82 kwa sekunde na ndugu zake, hulijaza lenyewe la 41 ambalo spika haikulitoa. Kwa sababu hiyo napendelea kwa benga masanduku yaliyozibwa yenye spika za inchi 10, na kwa rumba ya namna aliyoipenda marehemu Musa Juma, ambamo besi huvuta pumzi ndefu, silikatai sanduku lenye tundu na spika ya inchi 12 au 15. Haya ni maoni yangu, na najua wapigaji hodari wanaofanya kinyume.

Lipo sanduku ambalo kila mpiga besi duniani amelitamani. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa amplifaya ya vali ya wati 300 iitwayo SVT, kwa ajili ya makundi yaliyokuwa yakipiga mbele ya halaiki katika viwanja, pamoja na sanduku refu lililozibwa lenye spika nane za inchi 10. Kichwa chake kina uzito wa karibu kilo 40, na sanduku hupita kilo 60. Ndilo bakuli kubwa la yule mzee wa Kendu Bay, na mwenye gari lake na vijana wa kubeba hatajuta. Lakini bendi zetu husafiri juu ya matatu, na kutoka Mbita kwenda Mfangano husafiri kwa mashua, na nimewahi kuona sanduku kubwa likiachwa gatini kwa sababu nahodha alilitazama, akayatazama mawimbi, akatikisa kichwa. Tangu siku ile nimeshika kanuni ya masanduku mawili yanayofanana, moja kwa kila mkono: moja kwa baa ndogo ya Nyalenda, mawili kwa uwanja, na moja likiharibika usiku la pili linamaliza kazi. Siku hizi sumaku za neodimiamu zimeipunguzia spika zaidi ya nusu ya uzito wa sumaku yake, na amplifaya za daraja la D, ambazo hufungua na kufunga umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuuchoma bure kuwa joto, hutoa mamia ya wati kutoka kijisanduku cha kilo tatu au nne. Mimi mwenye mgongo uliobeba vali naziheshimu sana, wala sikubaliani na wanaozidharau kwa ajili ya mapenzi ya zamani.

Umeme nao una hukumu yake. Nyaya zetu zinapaswa kuleta volti 240, lakini mwisho wa laini ya kijijini, au nyuma ya jenereta inayowasha pia taa na friji za soda, nimepima chini ya 190, na amplifaya iliyonunuliwa kwa wati zake nyingi haiwezi kuzitoa. Mimi hubeba mita ndogo mfukoni, nikapima kabla ya kuchomeka. Na mawingu ya alasiri yakikusanyika juu ya milima ya Nandi na kuanza kushuka kuelekea ziwani, nachomoa kila kitu bila kungoja ruhusa ya mtu. Radi za kwetu hazibishi hodi.

Ni kweli kwamba mahali pengi sasa besi hupelekwa kwa waya hadi kwenye spika kubwa za hadhira, na sanduku la mpigaji hubaki kwa ajili ya wenzake jukwaani. Anayejua kuwa atapiga katika ukumbi wa namna hiyo ana haki ya kuridhika na sanduku dogo. Ila aulize kabla ya siku yenyewe, kwa sababu katika matanga na fukwe zetu spika zinazoletwa aghalabu ni za maikrofoni ya mchungaji na ya msimamizi, na ukizitia besi zinakohoa. Vilevile aliinue sanduku lake juu ya kreti au kiti imara anapoona hajisikii, maana sauti za juu za spika huenda mbele moja kwa moja, zikampiga magotini, naye akidhani sauti ni ndogo huiongeza mpaka walio mbele wakaziba masikio.

Mwezi uliopita kijana mmoja, mjukuu wa rafiki yangu, alinijia na fedha za mavuno ya omena mkononi akiniuliza anunue amplifaya ya wati 500 au ya wati 800. Sikumjibu. Nilimchukua pamoja na masanduku yangu mawili hadi ufuo wa Dunga, tukaazima umeme wa mama mwenye hoteli ya samaki, nikaunganisha sanduku moja, nikamwambia aende zake upande wa mafunjo akihesabu hatua, na asisimame mpaka besi impotee. Alifika arobaini na tano akainua mkono. Nikaunganisha la pili, nikaacha kitufe cha sauti palepale kilipokuwa, nikarudia wimbo ule ule tangu mwanzo. Alipita arobaini na tano, akapita sitini, akapita nyavu zilizoanikwa, na alipofika kwenye mitumbwi ya mwisho aligeuka kunitazama, mkono wake bado uko chini, mguu wake wa kulia umekwisha kuanza kucheza.